Katuni Aliyonitafsiria Kaka

Mimi ni muuza dawa. Duka liko mjini Morogoro, hatua chache kutoka soko kuu, na kazi yangu ya kila siku ni kusoma miandiko mibaya ya madaktari na kuwakumbusha watu wamalize dozi hata wakijisikia wamepona. Lakini nina kazi nyingine isiyonipa chochote ila furaha. Naandika kuhusu magemu. Nina ukurasa mdogo mtandaoni, unaosomwa zaidi na vijana wa Dar na Mwanza, ambao mwanzoni walidhani mimi ni mwanamume na wengine bado wanadhani hivyo. Kila gemu nikilicheza hadi mwisho, naandika uzuri wake na udhaifu wake kwa Kiswahili cha kawaida, bila kumwonea aibu aliyelitengeneza.

Mwaka jana lilitoka gemu nililolisubiri kuliko yote. Lilikuwa gemu la mapigano lililotokana na katuni ya Kijapani niliyoipenda nikiwa na miaka minane. Katuni yenyewe inahusu binti wa mhunzi anayesafiri katika nchi iliyojaa ukungu. Amebeba nyundo ndefu kuliko yeye, na mgongoni amefunga chungu chenye mfuniko. Ndani ya ukungu kuna majoka, na kila joka linakitaka kile chungu. Binti anapanda mlima mmoja baada ya mwingine, anapigana, anajifunga vidonda, anaendelea kupanda. Basi. Kwangu hadithi hiyo ilikuwa kubwa kuliko zote nilizofundishwa darasani.

Naijua kwa sababu ya kaka yangu. Tulikuwa wawili tu kwa baba na mama, naye amenizidi miaka minane. Baba alikuwa mtunza stoo katika duka la vitambaa la familia moja ya Kihindi mjini, na watoto wa nyumba ile walikuwa wakimwazima kaka diski zao wakishazichoka. Maandishi ya chini ya picha yalikuwa ya Kiingereza. Mimi nilikuwa darasa la pili, Kiingereza changu kilikuwa cha kuhesabu hadi kumi. Kaka alikuwa kidato cha tatu. Kila tukimaliza kula, kukiwa bado na mwanga, alikaa kwenye kigoda pembeni ya televisheni akanitafsiria, kama wale madijei wanaotafsiri filamu kwenye vibanda vya video: kwa sauti nne tofauti, akiongeza vichekesho vyake. Binti aliongea kama mimi. Majoka aliyapa lafudhi ya Kiluguru, ile ya mjomba wetu wa Mgeta akikasirika, na mimi nilicheka mpaka nikalala chini sakafuni.

Katika hadithi aliyonitafsiria kaka, mama wa yule binti alikuwa mgonjwa. Alikuwa amepelekwa nchi ya juu kutibiwa. Ndani ya chungu kulikuwa na uji, na binti alitakiwa kumfikishia mama yake bila kuumwaga.

Sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Mwaka huohuo mama yetu mwenyewe aliugua, na kwa kuwa bibi alikuwa Mgeta, juu kabisa kwenye milima ya Uluguru, wakampeleka kule auguzwe na mama yake. Tulibaki watatu mjini. Mimi nikaangalia katuni kama mtu anayepokea habari za nyumbani.

Mama hakurudi. Alifia Mgeta, nikapelekwa likizo ya Desemba, nikaonyeshwa kaburi. Nitalirudia hilo. Kwanza niseme kuhusu gemu.

Nililicheza kwa wiki tatu, kila Jumamosi mchana na Jumapili baada ya ibada. Na lilikuwa zuri, tena zuri la kuniuma. Waliolitengeneza hawakujaribu kuifanya ile nchi ya ukungu ionekane kama picha ya kamera. Waliiacha mistari ya mkono, rangi ikavuka mpaka kidogo hapa na pale, kama kwenye katuni yenyewe. Ukisimama bila kubonyeza kitu, ukungu unashuka polepole mpaka unameza miti, na mimi niliyezoea kuiangalia Uluguru ikipotea kila asubuhi ya masika niliona wameuchora kwa uaminifu. Nyundo nayo ina uzito. Katika magemu mengi ya mapigano unabonyeza, adui anaanguka, huhisi kitu. Hapa ukiirusha, binti mwenyewe anavutwa nayo, anapepesuka hatua mbili, na pedi ya kuchezea inatetemeka viganjani baada ya pigo, si wakati wa pigo, kama mkono unavyouma ukishamaliza kupasua kuni.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni chungu. Juu ya skrini hakuna mstari wa kuonyesha uhai uliobaki. Kuna chungu tu. Majoka hulenga mgongo, na kila ukipigwa mgongoni mfuniko unalegea, kitu kidogo cha kijivu kinamwagika, na kilichomwagika hakirudi. Kwa hiyo unajifunza kupigana vibaya kwa makusudi. Unaliachia joka likupige kifuani, usoni, popote, mradi mgongo uwe salama. Sijawahi kucheza gemu lililonifundisha upendo kwa vidole namna hiyo.

Udhaifu nao upo, tena mwingi. Kamera inakaa nyuma ya chungu, na ukiingia kwenye njia nyembamba inakwama ukutani, unapigana na joka ambalo hulioni. Majoka yenyewe ni aina sita tu, yakabadilishwa rangi. Ukifika mlima wa nne unapiga joka uliloliua mlima wa kwanza, limepakwa nyekundu. Tena zile sehemu za katuni zilizokuwa kimya, binti anapofua nguo mtoni, anapolala kwa mzee asiyesikia, anapokaa siku nzima akisubiri mvua ikatike, zote wamezifupisha kuwa picha zisizotembea, huku sauti ya mtu ikisimulia haraka haraka. Ni kama mgeni aliyekuja msibani akala akaondoka. Wamebakiza ngumi, wametupa sababu ya ngumi.

Yote hayo niliyaandika. Kisha nikaandika lile lililonikasirisha kuliko yote. Gemu linaanza na mama amekufa. Dakika ya kwanza kabisa, kabla hujaishika nyundo, mama amelala, moto unawashwa, na binti anakusanya majivu kwa mikono yake kuyatia kwenye chungu. Nilibaki nimeshika pedi, uso unanichoma. Nikaandika hivi: "Udhaifu mkubwa kuliko wote ni kwamba wamemuua mama. Kwenye katuni mama yuko hai, anasubiri uji. Waliona hadithi ya matumaini haiuzi, wakageuza uji kuwa majivu." Nikatuma nikiwa na uhakika wa mtu anayeeleza mambo ya kwao.

Asubuhi nilipofungua simu nikiwa dukani, nilikuta maoni mengi kuliko niliyowahi kupata. "Dada umechemka." "Mama alikufa sehemu ya tatu, kila mtu anajua." "Uji? Uji gani tena jamani?" Mmoja, nadhani alikuwa kijana mpole, aliandika bila kunicheka: "Samahani, uliiangalia mwenyewe au ulihadithiwa?"

Swali hilo nililiangalia kwa muda mrefu kuliko matusi.

Sikuwa nimeirudia katuni ile tangu utoto. Niliogopa kuiona ndogo. Mchana ule, wateja walipopungua, nilitafuta sehemu ya tatu nikaipata, nikaiweka simu juu ya kaunta nikiiegemeza kwenye boksi la dawa za malaria. Picha zote nilizikumbuka. Binti anapiga magoti pembeni ya kitanda. Anachukua kitambaa cha bluu, anamfunika mama yake mpaka kidevuni, anasita, kisha anamfunika na uso. Nilikumbuka hata sauti ya kaka pale: "Anamfunika asipate baridi njiani." Sasa nilisoma maandishi mwenyewe. Binti alikuwa anasema mama yake amekuwa wa baridi tangu asubuhi, na kwamba hakuna jirani aliyekuja.

Mama mmoja mtu mzima alikuwa amesimama mbele yangu anasubiri dawa ya presha, na sikuwa nimemwona.

"Shikamoo mama, nisamehe," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu. Umefiwa?"

Nikamwambia hapana, ni katuni tu. Akanitazama, akachukua dawa zake akaenda.

Jioni nilimpigia kaka. Yeye anaishi Turiani, anafanya kazi kwenye mashamba ya miwa, ana mke na watoto watatu, na tunaongea kama ndugu wengi wanavyoongea, kwenye sikukuu na kwenye magonjwa. Nilianza kwa kucheka.

"Shikamoo kaka. Umeniaibisha mbele ya watoto wa Dar."

"Marahaba. Nimefanya nini tena?"

Nikamsimulia: gemu, uji, majivu, vijana wanaoniambia nimechemka. Nilitegemea acheke na yeye. Mwanzoni alicheka. Nilipofika kwenye kitambaa cha bluu akanyamaza.

"Kaka? Upo?"

"Nipo."

"Kwa nini hukunitafsiria ukweli? Ilikuwa katuni tu."

Nilisikia mlango ukifungwa upande wake, kama mtu anayetoka nje asisikike na watoto.

"Siku ile," akasema, "nilikuwa nimetoka kuzika."

"Kumzika nani?"

"Mama."

Nilimwambia anachanganya. Mama alifariki Desemba, likizo, mimi nikiwepo. Sehemu ya tatu tuliiangalia zamani sana kabla, shule zikiwa zimefunguliwa, nilikuwa bado navaa sare.

"Mama alifariki Septemba," kaka akasema. "Mimi na baba tulipanda kumzika. Wewe tulikuacha kwa jirani, tukakwambia tunapeleka unga. Tulirudi Jumapili jioni. Ukanikimbilia mlangoni na diski mkononi. Baba alikuwa amenikataza nisiseme neno. Nikakaa, nikaiweka, sikujua kuna nini ndani yake. Ilipofika pale ukaniuliza, kaka, anasema nini?"

Akapenga kamasi, akaendelea.

"Nikasema kilichonijia. Na baada ya hapo ningefanyaje? Diski zilikuja moja moja, jioni baada ya jioni. Nasoma hili, nasema lile. Nyuma yako nilikuwa nalia, wewe unadhani nina mafua."

Nilikata simu. Sikumkatia kwa hasira. Mkono ulikata wenyewe.

Sasa nirudi Desemba, kama nilivyoahidi. Asubuhi tuliyotakiwa kupanda Mgeta, nilijificha. Kaka alikuwa ameniambia diski ya mwisho ingeletwa siku hiyo, na mimi nilitaka kuona binti akifika kwa mama yake. Nilijifungia kwenye choo cha jirani mpaka gari likatuacha. Baba alinichapa, kitu ambacho hakuwa na kawaida nacho, na diski yenyewe haikuletwa. Tukaenda kesho yake. Tulipofika, wanawake waliokuwa kwa bibi waliponiona tu walianza kulia kwa sauti. Mama mdogo akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba, akanionyesha kaburi, akasema mama amepumzika. Nikauliza lini. Akasema, "Tulia, mwanangu."

Mtoto hujaza mwenyewe asichoambiwa. Nilijaza kwamba amezikwa jana. Nilijaza kwamba jana ndiyo siku niliyojificha chooni. Kama tungepanda siku ile ningemkuta, kama si mzima basi walau kabla hajafukiwa. Hakuna aliyenilaumu, nami nikaona huo ni wema wao. Nilikua na jambo hilo. Niliolewa nalo, nikaachika nalo, sikumwambia mume wala mchungaji. Kila nilipowahi sana mahali, kituoni, hospitalini, kwenye misiba ya watu baki, watu walinisifu kwa kujali muda.

Na kaburi, sasa nikilikumbuka kwa macho ya mtu mzima, lilikuwa limekwisha kutitia katikati. Lilikuwa na magugu yanayonifika kwenye kifundo cha mguu. Niliyaona. Nilidhani milimani majani huota usiku mmoja.

Kaka alikuja Jumamosi iliyofuata bila kuniambia. Nilipomweleza habari za chooni alikaa chini kwenye ngazi za duka, mtu mzima na mvi zake, wateja wakimruka.

"Miaka yote hii?" akauliza. "Kwa diski?"

"Kwa diski."

"Mimi nilidhani umesahau yote. Ulikuwa mdogo. Nilikuwa nashukuru Mungu kwamba umesahau."

Tulienda pamoja kwa baba, Kihonda. Baba amestaafu, anafuga kuku, magoti yanamsumbua. Tulimkuta anachambua maharage kwenye ungo. Tukamwamkia, akatukaribisha, akafurahi kutuona wawili kwa mpigo, akauliza kama kuna harusi. Kaka akaniangalia. Nikaona kumbe hata sasa, na umri wake, anasubiri baba amruhusu kusema. Nikasema mimi.

"Baba, kwa nini hukuniambia mama amekufa?"

Aliendelea kuchambua. Alitoa jiwe moja, akalitupa, akatoa jingine.

"Nani amekwambia?"

"Katuni," nikasema, kwa sababu ndiyo ilikuwa kweli.

Hakuuliza katuni gani. Aliweka ungo chini.

"Mimi ni mtu wa Singida," akaanza. "Kwetu mtoto ni wa baba. Kwa mama yako mtoto ni wa lukolo, wa ukoo wa mama, na mwenye kauli ni mjomba. Nilijua hivyo nilipomuoa, nikasema tutaona mbele. Mama yako alipozidiwa, wajomba zako waliniambia wazi: likitokea la kutokea, mtoto mdogo atabaki huku. Kaka yako alikuwa mkubwa, wangemwacha achague. Wewe wangekuchukua siku ileile ya maziko, na mimi ningeshuka mjini na masufuria tu."

"Ndiyo maana hukunipeleka."

"Ndiyo maana. Na ungejua amekufa ungelia, ungetaka kwenda, watu wangeniambia mpeleke mtoto. Nikanyamaza. Nilipanda mara nne kuongea nao. Walipokubali nikubakishe usome, ndipo nikakupeleka."

"Hiyo ni miezi mitatu, baba. Na miaka iliyofuata je? Ungeniambia nikiwa na kumi. Ungeniambia nikiwa na ishirini."

"Kila mwaka nilisema mwaka huu," baba akasema. "Na kila mwaka lilikuwa limeongezeka uzito."

Nikamwambia habari ya chooni. Nilimwambia yote, hata kipigo, hata kwamba nilikiona kile kipigo ni adhabu ya kumkosa mama na bado hakikutosha. Baba alisikiliza mdomo ukiwa wazi kidogo. Kisha akajikongoja akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango wa chumba. Tulisubiri karibu saa nzima. Nilitaka kugonga, kaka akanizuia.

"Mwache. Hakujua. Hata mimi sikujua."

"Wote hamkujua kwa sababu wote mlinyamaza."

"Na wewe je?" kaka akasema, si kwa ukali. Swali hilo liliniudhi zaidi.

Wiki mbili baadaye nilipanda Mgeta peke yangu. Barabara ni ileile, lami mpaka Mzumbe na juu yake vumbi, kona na utelezi, gari linapanda likiguna huku likipishana na malori ya kabichi na karoti yanayoshuka sokoni. Bibi amekwisha kufa. Mjomba yupo, mzee sasa, bado ana ile sauti ambayo kaka aliyapa majoka. Alinipokea kwenye baridi yao ile, akanipa chai, akaniuliza habari za mjini. Nikamwambia nimekuja kwa jambo moja.

"Mjomba, nihadithie maziko."

"Ya nani?"

"Ya mama. Sikuwepo."

Alinitazama sana. Nadhani alikuwa amesubiri swali hilo kwa miaka, au alikuwa ameacha kulisubiri. Akavuta kiti akanihadithia, mchana wote. Alisema lilikuwa Ijumaa na manyunyu hayakukatika tangu alfajiri. Vijana walichimba wakakuta mwamba, ikabidi wasogee hatua tatu kuelekea migomba waanze upya, ndiyo maana kaburi la mama limekaa upande kidogo kuliko ya wenzake. Katekista alichelewa kwa sababu mto ulikuwa umejaa, wakamsubiri, watu wakaimba nyimbo zote wanazozijua wakarudia tena. Bibi alikataa kuingia ndani, alikaa kwenye mvua. Kaka yangu alipomaliza kutupa udongo alibaki amesimama ukingoni, wakamwambia basi inatosha, hakusogea, ikabidi mjomba amshike mabega.

"Nikamuuliza baba yako, mtoto yuko wapi? Akasema ana homa. Nikajua ananidanganya. Lakini sikutaka kugombana juu ya kaburi la dada yangu."

"Ni kweli mngenichukua?"

"Kitanda chako kilikuwa kimekwisha kutandikwa," mjomba akasema. "Bibi yako alikitandika mwenyewe. Kilikaa hivyo mpaka Krismasi."

Kumbe hofu ya baba ilikuwa na msingi. Nilikuwa nimepanda mlima nikitumaini, sijui kwa nini, kuambiwa kwamba alijitungia. Ingekuwa rahisi kwangu. Nikafikiria kitanda kile, nikamfikiria baba akipanda mara nne na magoti yake ambayo wakati huo yalikuwa mazima, nikamfikiria kaka kwenye kigoda anasoma neno kifo na kulitamka uji. Kila mmoja wao alikuwa amenilinda, na katikati ya ulinzi wao mimi niliachwa peke yangu. Mambo yote mawili ni kweli na sijaweza kuyaweka pamoja.

Nilipokwenda nyuma ya nyumba, nilikaa pale mpaka mjomba akaja kuniita nisikose gari la kushuka.

Ukurasani niliomba radhi. Niliandika kwamba nilikosea, kwamba katuni niliijua kwa masimulizi, na vijana walinisamehe upesi kuliko nilivyotegemea. Yule mpole aliandika, "Basi aliyekusimulia alikuwa mkali, dada." Nikamjibu kwamba alikuwa mkali kweli.

Lakini makala yenyewe ilinishinda kusahihisha. Kamera bado ni mbovu, majoka bado ni sita. Hayo niliyaacha. Shida ilikuwa ule mwanzo. Nilikuwa nimeuweka kwenye udhaifu, na haukuwa uongo, basi nikautoa. Nilipotaka kuuhamishia kwenye uzuri mkono ukasita. Gemu linakwambia mama amekufa kabla hujagusa kitufe. Halikuachi ubahatishe, halikuachi ujifungie mahali ukiamini kwamba ungewahi. Unabeba majivu ukijua ni majivu, na unavyoulinda mgongo unajua unalinda nini. Kama ningeambiwa hivyo nikiwa na miaka minane, labda nisingekuwa nimebeba kitu kingine. Ila kaka, nilipomsomea rasimu kwenye simu, aliniuliza swali.

"Wewe ile miezi mitatu ulikuwa na furaha?"

Nikafikiria. Nilikuwa na furaha. Kila jioni nilikuwa namsogelea mama mlima mmoja.

"Nilikuwa na furaha," nikakiri.

"Basi hiyo nayo iandike mahali."

Mwishowe nilitengeneza sehemu ya tatu, isiyo uzuri wala udhaifu, nikauweka mwanzo ule humo peke yake, na wasomaji wakauliza kwa nini nimebadilisha mtindo.

Kwa baba naendelea kwenda Jumapili. Nampelekea dawa za magoti na samaki wa kukaanga, namfulia mashuka. Miezi miwili ya kwanza tuliongea habari za kuku tu. Jumapili iliyopita, nilipokuwa naanika, aliniuliza kutoka barazani, bila kunitazama:

"Umeshanisamehe?"

Ningeweza kumdanganya. Ni mzee, na neno lenyewe ni jepesi kulitamka. Katika nyumba yetu tumekuwa hodari sana wa kumwambia mtu kinachomfaa.

"Bado, baba," nikasema.

"Haya," akasema. "Lakini unakuja."

"Nakuja."